Mbona kocha umenyamaza?

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumeshafungwa mawili bila, zimebaki dakika kama 12, na mimi nimesimama pale pale ninaposimama siku zote, hatua mbili mbele ya benchi, mikono nyuma. Mzazi mmoja akazunguka uwanja mzima kutoka upande wa pili, akanifikia anahema, akasema mbele ya watoto wa akiba: "Mwalimu, mbona umenyamaza? Vijana wanazama, wewe unaangalia tu!"

Swali hili naulizwa kila msimu tangu niache kuwapigia kelele watoto wangu wa chini ya miaka 12. Nimeulizwa kwa upole, nimeulizwa kwa ukali, hata shemeji yangu aliniuliza tukiwa msibani. Kila mara najibu "tutaongea baada ya mechi," na baada ya mechi kila mtu anawahi kwake. Safari hii nimechoka. Najibu hapa kwa kirefu, na atakayeniuliza tena nitamtumia haya ayasome.

Nilikuwa nahesabu. Nina daftari dogo lililopinda kona, na siku ile nilikuwa namfuatilia namba sita wetu, yaani kiungo anayecheza katikati mbele ya mabeki, mtoto wa miaka 11 mwenye mguu mzuri wa kushoto. Nilitaka kujua jambo moja tu: mpira ukiwa njiani kumfuata, anageuza shingo kuangalia nyuma yake au haangalii? Kipindi cha kwanza alipokea mpira mara 14, akaangalia mara 3. Kipindi cha pili, mpaka yule mzazi ananifikia, alikuwa ameshapokea mara 9 na ameangalia mara 6. Tulikuwa tunafungwa, ndiyo. Lakini kwangu hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote za mwezi ule, na nilikuwa najitahidi nisiiharibu kwa mdomo wangu.

Kazi ya kiungo inaanzia shingoni kabla haijafika mguuni. Mtafiti mmoja wa Norway, Geir Jordet, ametumia miaka mingi kuangalia video za wachezaji, wakiwemo viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza, akihesabu mara ngapi kila mmoja anatupa jicho huku na kule kabla ya kupokea. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliozungusha shingo sana, na kwa ujumla walioangalia mara nyingi zaidi ndio waliofikisha pasi zao mara nyingi zaidi. Aliyeangalia anajua kama ana nafasi ya kugeuka, kama apokee kwa mguu wa mbali mwili ukiwa wazi, au aurudishe mpira ulikotoka. Asiyeangalia anabahatisha.

Sasa mlete baba kwenye mstari.

Ilitokea mbele yangu, kipindi cha kwanza. Beki wetu wa kati anampigia namba sita pasi ya chini, mita kama 10. Uwanja wetu ni wa mchanga, mpira unadundadunda, unachukua sekunde moja na ushei kufika. Mtoto akaanza kugeuza kidevu kuelekea begani. Nilikiona kabisa kile kidevu kikianza safari. Hapo sauti ikatoka upande wa miembe: "Pigaaa!" Kidevu kikasimama. Macho yakaenda kwenye miembe. Hayakwenda kwenye mpira wala kwa mpinzani, yalikwenda kwenye miembe, kwa sababu sauti ile anaijua kuliko sauti zote duniani. Yanarudi, mpira umeshafika, umemgonga ugokoni, umetoka. Baba mtu akashika kichwa: "Aah, huyu mtoto akili yake haipo uwanjani!"

Ilikuwepo. Ni sisi tuliomwita nje.

Tuhesabu muda. Baba anaona hatari. Anaamua la kufanya. Anavuta pumzi, anapiga kelele. Mtoto anasikia, anatambua ni nani, anatambua neno, anajaribu kulifanya. Wakati huo mpinzani aliyekuwa hatua nne yupo hatua moja, na winga aliyekuwa peke yake ameshakabwa. Hata baba angekuwa na jicho la kocha wa timu ya taifa, agizo lake ni la picha iliyokwisha kupita. Na picha yenyewe hamuoni moja. Wewe umesimama pembeni, mtu mzima, uwanja umetandazwa mbele yako kama mkeka. Mtoto yupo katikati, anaona mapaja na migongo. Siku moja nenda ukachuchumae pale kwenye duara la kati wenzako wakiwa wanacheza, halafu uniambie umeona nini.

Hapa ndipo watu wananisikia vibaya, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mzazi akisikia maneno haya anadhani nataka uwanja uwe kimya kama chumba cha mtihani. Sijasema hivyo hata siku moja. Shangilieni. Pigeni vigelegele, pigeni ngoma, iteni majina. "Safi!" baada ya tukio haijawahi kumharibia mtoto tukio, kwa sababu limeshakwisha. Ugomvi wangu ni na vitenzi. Piga. Toa. Rudi. Kaba. Geuka. Kila kitenzi cha amri kinachotoka nje ya mstari kinamfanyia mtoto ule uamuzi aliokuja mazoezini kujifunza kuufanya.

Na maneno yenyewe hayalingani uzito. "Mtu!" ni taarifa: kuna mtu mgongoni kwako, la kufanya utajua wewe. "Peke yako!" nayo ni taarifa: una muda. "Piga" ni amri, tena ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haisemi upige wapi wala umpigie nani. Kwa watoto wangu maana yake imekuwa moja: utoe huu mpira hapa karibu na goli letu, wakubwa wameanza kuogopa. "Toa" ina nafuu, walau inamkumbusha kwamba ana wenzake. Lakini mtoto aliyelelewa na "toa" hatapiga chenga hata pale chenga inapotakiwa, na miaka mitano baadaye baba huyohuyo atakuwa kijiweni analalamika kwamba siku hizi hakuna wachezaji wa kumtoka mtu.

Zile taarifa mbili, "mtu" na "peke yako", nataka zitoke kwa watoto wenyewe. Kwenye rondo yetu, lile zoezi la kupasiana kwenye duara huku mmoja katikati akiuwinda mpira, anayetoa pasi lazima aitume na neno, na asiyesema anaingia kati. Sauti ya mwenzako ni sehemu ya mchezo: yupo ndani, anaona kwa pembe nyingine kitu kilekile unachokiona, na akikudanganya mnafungwa wote. Sasa weka watu wazima 20 pembeni, kila mmoja na amri yake. Ile sauti nyembamba ya beki wa miaka 11 inayosema "mtu" inazama. Niliwahi kumfokea beki mmoja, mbona hukumwambia mwenzako? Akaniangalia akasema, "Nilisema, kocha." Alikuwa amesema kweli, mwenzake aliyesimama karibu naye alimshuhudia. Mimi sikusikia, na aliyetakiwa kusikia hakusikia. Kumfundisha mtoto mwoga kufungua mdomo uwanjani inachukua miezi, halafu siku ya mechi anafungua mdomo na sisi tunamfunika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mabao.

Mazoezini shingo naifundisha hivi: nasimama nyuma ya anayepokea na koni mbili, ya njano na nyekundu, nainua moja mpira ukiwa njiani. Kabla hajaugusa aniambie rangi. Wiki ya kwanza ni vurugu, mpira unawapita chini ya miguu. Baadaye wanazoea. Lakini hapa nikiri kitu ambacho kozi ya leseni haikuniambia: wapo watoto wanaojifunza kugeuza shingo ili kunifurahisha. Wanageuza, hawaoni. Ukimuuliza nyuma yako kulikuwa na nani, hajui. Kwenye daftari langu huyo anaonekana bingwa. Kwa hiyo hesabu yangu ina tundu, nalijua, na sijapata njia ya kuliziba zaidi ya kumuuliza mtoto baada ya mechi na kumsikiliza vizuri.

Na nikiri lingine kubwa zaidi. Kuendesha watoto kwa rimoti kunashinda mechi. Kocha aliyetufunga Jumamosi hakunyamaza dakika moja, na watoto wake walikuwa wanasogea kama kete za drafti. Tisa kwa tisa, umri huu, timu inayofikiriwa na mtu mzima mmoja itaifunga timu ya watoto tisa wanaojifunza kufikiri. Itaifunga mwaka huu na pengine mwakani. Mzazi akiniambia "unaturuhusia kufungwa," nakosa jibu la haraka, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Na ushahidi wangu kwamba baadaye inalipa hauna uzito ninaoutamani. Ninao vijana niliowapigia kelele zamani, kabla sijabadilika, leo wanacheza ligi ya mkoa na wanacheza vizuri. Ninao niliowaachia wafikiri wenyewe, wameacha mpira, wanauza simu Kariakoo. Vitabu vinaandika kana kwamba ukipanda hiki unavuna kile. Uwanjani sijaona mambo yakinyooka namna hiyo. Ninaendelea kwa sababu nimeiona ile sura ya mtoto aliyeamua mwenyewe na ikawa, na sijaiona sura hiyo kwa mtoto aliyetii.

Watoto wa miaka 6 na 7 nawaelekeza kwa mdomo, wengine hawajajua hata wanashambulia goli lipi. Kipa nampa neno wakati wa kona. Wakielekea kugongana vichwa nitapiga kelele mpaka nisikike barabarani. Hayo hayana mjadala.

Mengine niyapitie haraka, yote yanatokana na haraka hiyohiyo ya wazazi. Msimamo wa ligi kwa watoto wadogo: Norway wana kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, na utaratibu wao umekuwa kwamba matokeo na misimamo haitangazwi mpaka watoto wafikie umri wa miaka 11. Ndiko alikokulia mshambuliaji Erling Haaland. Kupunguza umri: acheni. FIFA walianza kupima vifundo vya mikono kwa MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha mifupa imekomaa kiasi gani, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la 2009, na mwaka 2019, kwenye fainali za Afrika za umri huo zilizofanyika hapahapa Dar es Salaam, Guinea walifika fainali kisha wakaenguliwa kwa sababu ya umri wa wachezaji wawili. "Huyu mdogo, hafai": Mbwana Samatta amezaliwa tarehe 23 Desemba, maana yake kati ya waliozaliwa mwaka wake karibu wote walimzidi miezi. Mwacheni mdogo akue.

Nirudi kwenye miembe, kwa sababu aliyepiga ile kelele ni rafiki yangu, na namba sita ni mwanawe.

Tumekua mtaa mmoja Temeke. Tumecheza chandimu pamoja tangu hatujaanza shule, magoli ya kandambili, mpira wa soksi na mifuko ya nailoni uliokazwa kwa kamba ya katani. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga kanzu. Nilipooa, yeye ndiye aliyesimama pembeni yangu. Mwanawe na wangu wamepishana miezi minne.

Miezi mitatu iliyopita nilimfuata kijiweni kwenye kahawa kumweleza haya yote, nikiwa na hoja niliyodhani inamaliza mjadala. Nikamwambia, hebu tukumbuke sisi. Nani alikuwa anatupigia kelele? Hapakuwa na mkubwa hata mmoja. Tulichagua timu wenyewe, tulibishana wenyewe goli limeingia au limepita juu, mwenye mpira akinuna tulimbembeleza wenyewe. Ndiyo maana tulijua kucheza.

Akakaa kimya, anakizungusha kile kikombe kidogo mkononi. Kisha akasema: "Kweli. Hapakuwa na mkubwa hata mmoja. Mzee wangu amekufa hajawahi kuniona nikicheza mpira, hata dakika moja. Mimi wangu nataka anisikie."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo lililokamilika. Kila nilichoandika hapo juu nakiamini, lakini mimi nilikuwa naongelea mpira na yeye alikuwa anaongelea baba. Kwake ile "pigaaa" maana yake ilikuwa "nipo, nimekuja." Nimeona makocha wakiweka sheria kali, mzazi akifungua mdomo anatolewa nje ya uwanja, na wiki mbili baadaye mzazi haji tena. Mtoto anabaki na kocha stadi, na pembeni hakuna mtu wake.

Nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa nakosea kwa namna nyingine. Mwanangu ni beki wa kulia. Kwa kuogopa kuambiwa nampendelea, uwanjani nilikuwa simsemeshi kabisa, na nilikuwa namtoa mapema kuliko wengine, jambo ambalo nalijutia. Mechi ikiisha nampakia kwenye pikipiki, na dakika 25 zote za kurudi nyumbani ninachambua: ile pasi ya kwanza ulisimama vibaya, ile krosi uliuangalia mpira ukamsahau mtu. Naongea na upepo mbele, yeye nyuma kimya, mikono imenishika kiunoni. Nilidhani ananisikiliza. Siku moja tunakula, mama yake akaniambia taratibu kwamba mtoto ameomba awe anarudi kwa daladala na wenzake.

Iliniingia. Nikaacha kuchambua. Nikanyamaza uwanjani, nikanyamaza na njiani, nikadhani nimeshapata dawa. Wiki ya pili au ya tatu, tumesimama kwenye foleni, nikasikia sauti mgongoni, imebanwa na helmeti: "Baba, leo nimekosea nini?"

Siku hiyo tulikuwa tumeshinda. Alikuwa amecheza vizuri kuliko siku zote. Nikamwambia hujakosea kitu, mwanangu. Akasema: "Sasa mbona umenyamaza?"

Kwa hiyo msidhani nauza ukimya. Mtoto akiona mkubwa anamwangalia na hasemi, ule ukimya anaujaza kwa kile anachokiogopa. Jumanne mazoezini nilimwonyesha namba sita hesabu zake za shingo, na nikamuuliza alikuwa anadhani naandika nini kwenye lile daftari msimu mzima. Akasema alidhani naandika makosa. Msimu mzima! Nimeamua kwamba mtoto nitakayemhesabu atajua kabla ya mechi ninahesabu nini. Mwanangu nilimwambia siku ileile kwenye foleni kwamba nikinyamaza ndiyo namwangalia, na kumwangalia ndiyo furaha yangu ya Jumamosi. Sijui kama ameamini. Bado mara mojamoja ananiuliza. Kwenye pikipiki siku hizi tunaongea kama tununue chipsi mayai au mihogo, na habari za mpira akizitaka anazianzisha mwenyewe. Wakati mwingine anazianzisha.

Jumamosi ile, baada ya ile "pigaaa" na mpira kumgonga mtoto ugokoni, rafiki yangu alinifuata wakati wa mapumziko. Hakusema kitu, alisimama tu pembeni yangu anaangalia chini. Nikachana karatasi moja kwenye daftari, nikampa na kalamu. Nikamwambia, "Mpira ukiwa unamfuata mwanao, angalia shingo yake. Akigeuza, weka mstari." Akarudi kwenye miembe. Kipindi cha pili sikusikia sauti yake. Nilikuwa nikimtupia jicho namuona ameinama juu ya ile karatasi, midomo inacheza.

Mechi ikaisha tatu bila. Akaja na karatasi yake. Mimi nilikuwa na 8.

"Tisa," akasema.

"Nane. Nimehesabu mara mbili."

"Tisa, ndugu yangu. Ile kabla ya kona hukuiona, ulikuwa unaongea na yule mzee aliyekuja kukufokea."

Tukabishana kama kwenye magoli ya kandambili, yeye na karatasi yake, mimi na daftari langu. Mwanawe alikuwa amekaa chini anafungua viatu. Akainua uso, akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi.

"Ni tisa, kocha," akasema. "Ile ya kona niligeuka."